Walinibatiza Solomillo: ushauri kwa anayekwenda kula tapas

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tanga aliniandikia. Februari anasafiri kikazi kwenda Barcelona pamoja na wakubwa wake wawili, na ratiba inasema usiku wa kwanza watakula tapas, vile visahani vidogo vya Kihispania. Aliuliza mambo mawili tu: huliwaje, na atajuaje kipi kina nguruwe na kipi hakina. Mwisho akaongeza, "Kaka, naogopa kuaibika mbele yao."

Nilimjibu palepale kwa mistari mitatu. Kisha nikabaki nimeshika simu. Hilo neno kuaibika lilinitonesha kidonda nilichodhani kimeshafunga. Basi leo namjibu upya, kwa kirefu, na wewe unayesoma chukua lako. Najua wengi mnaonifuata hapa ni watu wa safari, au mnaziomba safari usiku na mchana, na meza kama hii itawafikia siku moja.

Langu ni moja na nitalirudia hadi unichoke: usiagize vyote kwa mkupuo.

Tapa kwa Kihispania ni kifuniko. Husimuliwa kwamba zamani huko Andalusia, kusini mwa Hispania, mtu akinunua divai alifunikiwa glasi kwa kipande cha mkate au nyama ili nzi wasiingie, na kifuniko hicho ndicho kilichogeuka chakula. Iwe kweli isiwe kweli, jina linakuonyesha ukubwa wa kitu chenyewe. Ni matonge mawili matatu, basi. Lakini menyu nyingi za mji wa Sevilla zina safu tatu za bei: tapa, kisha media ración, yaani nusu, kisha ración, sahani nzima ambayo watu watatu wanne huichangia. Safu hizo niliziona kwa macho yangu. Sikuuliza.

Ilikuwa Juni 2018. Tulikuwa sita kutoka ofisini Mombasa, tumekwenda Sevilla kwa mkutano wa siku tatu. Habari za mkutano nakusamehe, hazina ladha. Jioni ya pili mkubwa wetu akasema twende tukale kama wenyeji, na mimi, bila kutumwa na mtu, nikajitolea kuongoza. Nilikuwa nimejifunza Kihispania kwenye simu kwa miezi mitatu. Nilijua kuomba maji, kuuliza msala uko wapi, na kusema kwamba paka wangu anakunywa maziwa. Nikajiona bingwa.

Tukafika mkahawani saa kumi na mbili jioni, kama watu wa kwetu wanaotaka kula mapema wakalale. Jiko limefungwa. Huko watu hula mchana kuanzia saa nane hadi saa kumi hivi, kisha majiko mengi huzimwa mpaka saa mbili na nusu au saa tatu usiku. Juni yenyewe jua la Sevilla huzama karibu saa nne usiku, Magharibi ukiisali unakaribia kusinzia. Tukakaa nje, joto linatuchoma, tunatafuna zeituni na vijiti vile vya mkate mkavu wanavyoviita picos. Nilidhani ni zawadi. Si zawadi, viliingia kwenye bili pamoja na mkate.

Jiko lilipofunguliwa watu wana njaa ya kugombana. Nikaishika menyu. Nimelelewa kwamba mgeni akiondoka na njaa ni aibu ya nyumba, na kwa kuwa nilishaambiwa hizi ni "sahani ndogo", nikaona tusifanyiwe ubahili. Nikapeleka kidole kwenye safu ya mwisho kulia na kushuka nayo. Raciones tisa, za watu sita, zote kwa pamoja! Yule mhudumu aliniangalia, akasema kitu sikukielewa, nikamjibu "sí, sí". Mpaka leo naamini alikuwa ananionya.

Vikaja vyote ndani ya dakika kumi. Meza ilikuwa ya duara, ndogo kama ya kuchezea bao, sahani zikapandiana. Kamba wa kitunguu saumu huletwa kwenye kibakuli cha udongo mafuta yangali yanachemka, na ndio wakati wake wa kuliwa. Sisi tuliwafikia baadaye, wamelowa na kupoa. Viazi vya kukaanga vikalegea. Samaki naye akawa wa jana. Katikati ya meza ikakaa sahani ya minofu midogo iliyozama kwenye mchuzi wa kahawia, harufu ya kitunguu saumu imetanda. Solomillo al whisky.

Kamusi ya kwenye simu ilikuwa imeniambia solomillo ni sarara. Haikuniambia sarara ya nani.

Pale Sevilla ni ya nguruwe, na mchuzi wake hupikwa kwa pombe ambayo jina lake limeandikwa wazi kwenye menyu. Sijui macho yangu yalikuwa wapi. Nilijitia kwamba ni mtindo wa kuipa sahani jina la kizungu. Haramu mbili kwenye uma mmoja, na nilikula vipande vitatu.

Sasa sikiliza kinachoniuma, maana si hicho. Kutojua kuna msamaha wake, na hilo nimelimaliza na Mola wangu. Kinachoniuma ni kwamba mezani alikuwapo mwenzetu aliyesoma Hispania mwaka mzima. Alijua. Aliniona nikichovya mkate kwenye ule mchuzi, akasubiri kipande cha tatu kishuke, ndipo akainama na kuniuliza, "Sheikh, nguruwe wa Kihispania umemwonaje?" Meza nzima ikacheka, na mkubwa pia akacheka. Nikaenda msalani, nikasukutua kinywa, nikajiangalia kwenye kioo muda mrefu kuliko inavyofaa.

Bili ilikuwa euro 204. Kampuni ilikuwa imetenga euro 25 kwa kichwa, yaani 150. Kuhusu zile 54 zilizobaki, mkubwa alisema kwa upole kabisa kwamba aliyeagiza anajijua. Zikakatwa kwenye posho yangu. Na tuliporudi Mombasa nikakuta jina limenitangulia. Kwa miaka miwili ofisi nzima iliniita Solomillo, hata mlinzi wa getini ambaye hakujua maana yake.

Ndugu zangu, ukijua jambo na mwenzako hajui, mwambie kabla hajameza. Utani una mipaka. Wapo watu huona kimya chao ni ujanja, kumbe ni uchoyo tu, uchoyo wa maneno, na huo ni mbaya kuliko wa chakula kwa sababu neno halipungui ukiligawa. Mtu wa namna hiyo usimkabidhi hata mkoba wako.

Turudi mezani. Dada yangu, utakapokaa na wakubwa wako, agizeni viwili, vitatu vikizidi sana. Kuleni. Vikiisha ndipo mwite mhudumu tena. Wahispania wenyewe hawana haraka: watakula kitu kimoja hapa, wasimame, wavuke barabara, wale kingine kule. Hakuna anayekufukuza wala anayekuletea bili kabla hujaiomba. Kwa hiyo ile hofu yetu ya kwamba usipoagiza sasa utasahaulika, iache uwanja wa ndege.

Na uliza. Ukiona safu tatu za bei, uliza. Ukiletewa mkate ambao hukuuomba, uliza kama unalipiwa. Ukitaka kukaa nje, uliza kama bei ni ileile, kwani sehemu nyingine ya nje ni ghali kuliko ya kaunta. Mji nao una desturi zake. Granada ukinunua kinywaji, hata soda, huletewa tapa bila malipo, na ndiyo sababu watu humwambia kila msafiri kwamba "tapas ni bure Hispania". Barcelona usiwe na tumaini hilo. San Sebastián kule kaskazini wana pintxos, neno litokanalo na kudunga kwa kijiti. Huwa zimepangwa juu ya kaunta, na baadhi ya baa huhesabu vijiti vilivyobaki kwenye sahani yako ili kupata bili. Usivitupe vijiti ukadhani unasafisha meza.

Kuhusu nguruwe nitakuwa mkali kidogo. Usitegemee kusema "sili nyama". Wapo wahudumu ambao kwao jamón, lile paja lililokaushwa kwa chumvi, halihesabiki kuwa nyama, wanaliona kama kiungo. Utakuta limenyunyizwa juu ya salmorejo, supu baridi ya nyanya ambayo ungeapa haina lolote. Utalikuta limesagwa ndani ya croquetas, vile vitonge laini vya kukaanga. Taja kwa jina: sin cerdo, sin jamón, yaani bila nguruwe, bila jamón. Halafu kuna majina yanayopendeza masikioni: secreto, pluma, presa. Secreto maana yake ni siri, pluma ni unyoya. Vyote vitatu ni vipande vya nguruwe wa Iberia. Carrillada ni shavu, mara nyingi la mnyama huyohuyo, limepikwa kwa divai. Na mafuta ya kukaangia mara nyingi ni hayohayo yaliyokaanga croquetas, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kushika sana, uliza na hilo pia.

Utakula nini basi? Tele. Barcelona kuna pa amb tomàquet, mkate uliosuguliwa nyanya na kutiwa mafuta ya zeituni, na escalivada, ambayo ni biringanya na pilipili hoho zilizochomwa zikamenywa. Kuna tortilla ya viazi na mayai. Tukiacha majina, ni chipsi mayai iliyosoma, lakini ukimwambia hivyo Mhispania atanuna. Kuna dagaa wa siki, pweza, kamba. Epuka tu migahawa ya La Rambla, ile barabara ya watalii, yenye picha za chakula mlangoni na kijana anayekuvuta mkono.

Nimerudi Sevilla mwaka huu, mwezi wa Aprili. Safari hii hakuna aliyenilipia. Nilikwenda na mke wangu, kwa pesa yangu, miaka 15 ya ndoa. Nataka useme mashaallah kwanza.

Tulivuka daraja hadi mtaa wa Triana saa tatu usiku, tukasimama kaunta, nikaagiza kimoja tu: cazón en adobo. Ni vipande vya samaki vilivyolazwa kwenye siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba, kisha vikakaangwa na unga. Mke wangu, mzaliwa wa Lamu, akatafuna mara moja, akaniangalia.

"Huyu ni papa."

Nikamwambia wanamwita cazón.

"Mwite upendavyo. Huyu ni papa, ila hajakaushwa."

Na kweli, cazón ni aina ya papa mdogo. Aliomba sahani ya pili. Halafu akaanza kuisoma menyu kwa sauti, na hapo nikaona anajua Kihispania kunizidi bila somo hata moja: aceituna ni zeituni, berenjena ni biringanya, azafrán ni zafarani, azúcar ni sukari. Waislamu waliutawala mji ule hadi 1248, na mnara wa kanisa kuu, Giralda, ulijengwa kuwa mnara wa msikiti. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia kwao ni binamu wa yale yaliyotua Lamu. Nilijisikia mjinga kwa ile miezi mitatu ya paka na maziwa.

Kutoka pale tukatembea hadi El Rinconcillo, baa iliyoanza 1670. Juu ya kaunta mapaja ya nguruwe yananing'inia kama mikungu ya ndizi, na chini yake mimi, nimetulia, naagiza spinachi kwa dengu kubwa. Nikauliza kama ina jamón. Haina. Nikauliza mara ya pili, mhudumu, mzee mmoja, akacheka, akaniapia. Ndipo nikaongeza kipande cha chewa cha kukaanga. Viwili. Tukala, tukasubiri, tukaongeza kingine. Mzee yule alikuwa anaandika bei kwa chaki juu ya mbao ya kaunta mbele yetu, na kila tulipoongeza aliongeza mstari. Usiku mzima, sehemu mbili, hatukufikisha euro 40. Alipojumlisha aliniambia ninaagiza kama mtu wa pale. Huenda huwaambia wageni wote hivyo. Mimi nimeichukua.

Nikapiga picha ile chaki kabla hajaifuta, nikaiweka kwenye status. Haikupita dakika mbili simu ikatetemeka. Ni yule bwana aliyesoma Hispania, sasa yuko kampuni nyingine, hatujaongea tangu 2021. "Solomillo! Umeirudia?"

Mke wangu akauliza ni nani.

"Mtu wa kazini zamani," nikamwambia, nikaigeuza simu kifudifudi. Mzee akapitisha kitambaa juu ya mbao, hesabu yetu yote ikafutika, akatuuliza kama tunaongeza kitu.