Mayai viza msimu wa joto: anzia kwenye kiota, si kwenye mashine

Mkuu, umesema mashine yako inasoma nyuzi 37.5, mayai unayageuza mpaka siku ya 18, maji umeweka, na bado karibu nusu yanakuwa viza kila joto likipamba moto. Sasa unataka kubadili mashine. Kabla hujatoa hela, chukua tochi.

Siku ya saba zima taa ya chumba, umulike yai moja moja kwa tochi uone ndani. Linalong'aa tupu, bila mshipa wowote, kwa kawaida halina mbegu. Hapo mtuhumiwa ni jogoo. Lenye pete nyembamba nyekundu lilikuwa na mbegu, kiinitete kikaanza kukua kikafa. Dawa zake ni tofauti kabisa, ila wengi wetu huyatupa yote ndoo moja bila kutazama.

Kwangu pete ndizo huzidi wakati wa joto, na chanzo mara nyingi ni kiota. Joto likipita nyuzi 27 hivi, kiinitete huanza kukua hata kama hakuna kuku aliyeatamia. Yai lililosahaulika ndani ya banda la bati linaamka mchana, linapoa usiku, kesho linaamka tena. Likifika kwenye mashine limeshachoka. Hata yanayopona huangua kwa kupishana.

Kwa hiyo okota mayai mara tatu nne kwa siku, yahifadhi penye nyuzi 15 hadi 18, ncha iliyochongoka ikiwa chini, yasipitishe wiki. Friji ya jikoni ina baridi mno. Penye hewa kavu, vyungu viwili vinatosha: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, na mayai yenyewe yakae pakavu. Penye hewa yenye unyevu mwingi usihangaike navyo, havitapoza kitu.

Halafu chumba. Mashine nyingi za nyumbani zinajua kupasha, kupoza hazijui. Wiki ya mwisho vifaranga ndani ya mayai hutoa joto lao wenyewe, na chumba nacho kikiwaka, thamometa inapanda bila taa ya mashine kuwaka kabisa. Isogeze mbali na ukuta unaopigwa jua la jioni.

Kama tochi imemkamata jogoo, kumbuka kuku hatoki jasho, anahema tu. Jogoo mzito kwenye joto kali hapandi, na hata akipanda mbegu zake zimedhoofu. Mpe kivuli, maji ya baridi, na mitetea wanane hadi kumi, basi.

Kuhusu aina ya kufuga, mimi ni mtu wa kishingo, yule kuku wa shingo isiyo na manyoya. Najua kuna wanaosema ana sura mbaya, lakini ile shingo tupu inatoa joto, na hata mwilini manyoya yake ni machache. Aliyerithi kwa mzazi mmoja utamjua kwa kishada cha manyoya mbele ya shingo. Ukipandisha wawili wenye kishada, takriban robo ya vifaranga watatoka na shingo ya kawaida. Usimsingizie jogoo wa jirani.

Wenye manyoya yaliyojipinda nao hustahimili joto, ila wapandishe na kuku wa manyoya ya kawaida. Ukiwapandisha wao kwa wao, kama robo ya watoto hutoka na manyoya dhaifu yanayokatika ovyo, na kuku wa hivyo jua linamchoma mgongo mtupu.