Msalaba wa Brigid ni wa nani?

Umeuliza kama anayeabudu miungu ya kale ya Ireland anaruhusiwa kusuka msalaba wa Brigid (msalaba wa matete wenye jina la Brigid, ambaye ni mungu wa kike wa kale na pia mtakatifu wa Kikristo), maana ni desturi ya Wakatoliki. Asuke tu. Akikataa kila kilichoguswa na Ukristo atabaki mikono mitupu: hata visa vya miungu hiyo viliandikwa na watawa, na ile mila ya kuacha kitambaa nje usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari ili Brigid akibariki ilitunzwa na wanakijiji waendao misa.

Mimi ningehoji zaidi ule mzunguko wa sikukuu nane za mwaka unaofuatwa na wapagani wengi wa leo. Wagaeli, yaani watu wa kale wa Ireland na Uskoti, walikuwa na nne kuu, yaani Samhain, Imbolc, Bealtaine na Lughnasadh. Mpangilio wa nane ulitungwa na wapagani wa Uingereza miaka ya 1950.