Kufunga tabo kwenye injini ya IST

Ndugu yangu, umeuliza kama fundi anaweza kukufungia tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini) kwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE bila kuifungua injini yenyewe. Nakusihi usikubali. Injini hiyo ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani pistoni huibana hewa ya silinda hadi ibaki sehemu moja kati ya 10.5. Tabo ikisukuma hewa ya ziada juu ya mgandamizo huo, joto ndani ya silinda hupanda kiasi kwamba sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na hapo ndipo injini hugonga, pistoni zikapasuka au gasketi ya silinda hedi ikaungua. Ndiyo maana injini za tabo hutengenezwa na mgandamizo mdogo; tazama injini za 2JZ za Toyota za miaka ya 1990: isiyo na tabo ilikuwa na 10 kwa 1, yenye tabo 8.5 kwa 1.

Hewa ya Dar mwezi Januari, gari likiwa kwenye foleni ya Ubungo, huingia ikiwa tayari ya moto, jambo linaloongeza hatari.

Ukishikilia nia yako, anza na pistoni za mgandamizo mdogo, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), na kupangwa upya kwa kontroli boksi (kompyuta ya injini). La sivyo, tafuta gari lililotoka kiwandani na tabo.