Uliza Fundi: Beta imenisumbua, nirudi ya zamani?

Swali: Fundi habari ya kazi. Niko na saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, na kuna laptopu yangu ya mkono wa pili ndo natumia kuandikia watu CV na kuprinti. Nilisikia Ubuntu mpya (ule mfumo wa kompyuta wa bure, aina ya Linux) iko karibu nikaweka beta, yaani toleo la majaribio. Sasa nikifunga kifuniko alafu nifungue, skrini inabaki nyeusi tu, na juzi baada ya apdeti waifai ikapotea kabisa. Kijana wangu ananiambia nifute niweke ya zamani. Nifanye aje?
*Mama Saiba, Kondele*

Jibu: Mama, kwanza kazi ya wateja itoe hapo leo leo. Faili zote muhimu ziweke kwa flashi au hadi diski ya nje, na mashine inayokuletea riziki irudi kwa toleo la LTS (la kutunzwa muda mrefu), ile inatoka kila miaka 2 mwezi wa Aprili na inapewa apdeti miaka 5. Hapo kijana wako ako sawa kabisa. Beta iweke kwa mashine ingine hata kama ni nzee, mradi ikilala siku mbili hakuna mteja anakungoja mlangoni.

Lakini kabla hujafuta tafadhali chukua ushahidi, maana ukifuta tu hiyo bagi (hitilafu) itatoka na toleo rasmi na wengine wenye laptopu kama yako watakutana nayo. Washa tena, na logo ikitokea bonyeza Esc (mashine za zamani unashikilia Shift) uingie menyu ya GRUB (ya kuchagua mashine iwake vipi), chagua Advanced options, alafu keneli (kiini cha mfumo) ya nyuma. Kama waifai imerudi basi umeshajua shida imeletwa na keneli mpya, na hiyo peke yake ni habari kubwa sana kwa watengenezaji. Mara nyingi ni draiva (programu inayoendesha kifaa) ya waifai, hasa zile za Broadcom, imeshindwa kujengwa juu ya keneli mpya. Kama bado haijarudi, chomeka simu na waya wa USB uwashe tethering (simu igawie laptopu intaneti), utapata intaneti ya kufanya apdeti na kutuma ripoti.

Ile ya skrini nyeusi, ikitokea tena bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ukiona maandishi ya kukuomba login ujue mashine iko macho, ni upande wa picha tu umekwama. Ikikataa kabisa zima kwa nguvu, ukiwasha fungua terminal (dirisha la kuandika amri) uandike `journalctl -b -1 -e` na utaona mistari ya mwisho kabla haijazimwa. Alafu andika `ubuntu-bug linux`, yenyewe itakusanya habari za mashine ikufungulie ukurasa wa Launchpad, tovuti ya kuripoti bagi za Ubuntu.

Na usiandike "waifai haifanyi" ukaishia hapo. Ukimpelekea fundi boda yako umwambie tu "imekataa" ataanzia wapi? Sema ni laptopu gani, keneli gani (`uname -r`), ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini, na kama inajirudia kila mara. Kama kuna mtu ameshairipoti, weka alama kwamba hata wewe imekupata, usifungue nyingine.

Swali: Niko chuo hapa Kakamega, nataka kutesti Linux kabla haijatoka lakini kuandika programu bado sijashika vizuri. Kuna maana kweli?

Jibu: Iko, tena sana. Machi 2024 Andres Freund, mwandishi wa programu, alikuwa anapima kasi ya programu kwa Debian (Linux nyingine) ya majaribio akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia mashine ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Hakupuuza. Akafuatilia akakuta mtu amepachika mlango wa siri ndani ya xz (programu ya kubana faili), toleo la 5.6.0 na 5.6.1, na tarehe 29 akatangaza. Ubuntu wakasogeza beta ya 24.04 wiki nzima, kutoka Aprili 4 hadi 11, ili wajenge vifurushi upya. Ye ni mtu wa kuandika programu kweli, lakini yote yalianza kwa kuona tu kitu si cha kawaida, na hiyo hata wewe unaweza.

Na wewe uko na kitu wengi huko nje hawana: laptopu za zamani za RAM ya GB 4, modemu za USB, printa za saiba. Pakua ISO (faili ya mfumo mzima) kwa waifai ya chuo maana ni GB kadhaa, hakiki SHA256 (alama ya kuthibitisha faili imefika nzima), iweke kwa flashi, alafu washa laptopu kwa hiyo flashi uchague Try bila kugusa diski. Jaribu sauti, waifai, printa, kulala na kuamka.

Swali: Niko na beta. Toleo rasmi likitoka lazima nifomati upya? *Msomaji, Section 58, Nakuru*

Jibu: Hapana. `sudo apt update` na `sudo apt full-upgrade`, ushafika. Kama uliwasha proposed (apdeti ambazo bado zinajaribiwa), izime kwanza.