Nimeshindwa kusema "Mapenzi yako yatimizwe"

SWALI: Pasta, shalom. Ninaishi Majengo, hapa Goma. Mwaka 2021 volkano ilichoma nyumba yetu kule Buhene, tukaanza upya kwa kupanga. Mwishoni mwa Januari 2025, siku zile mji hauna maji wala umeme, mume wangu alibeba bidoni akaenda kuteka ziwani. Alipigwa risasi akiwa njiani kurudi. Jirani ndiye aliyeniletea lile bidoni, limejaa. Mpaka leo sijayamwaga maji yake. Dada mmoja wa chumba cha maombi anasema nyumba kisha mume, hiyo ni laana ya ukoo, nifunge siku 21. Wengine wananikataza kulia: Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mimi nikisali Baba Yetu nikifika "mapenzi yako yatimizwe" ulimi unagoma. Je, imani yangu imekwisha?

JIBU: Mama mpendwa, pole sana. Naanza pale ulipomalizia: haijaisha. Mtu aliyeishiwa imani haumizwi na Baba Yetu, huimaliza haraka akafikirie bei ya unga. Wewe ulimi unagoma kwa kuwa bado unajua kuna anayesikia, na hutaki kumdanganya.

Hilo la laana halitatuchukua muda. Sisi tuliokuwa Goma tarehe 17 Januari 2002 tuliona lava ikipasua mji hadi ziwani. Ilikula mabaa, ikala maduka, ikala na kanisa kuu la Wakatoliki. Ile iliyokuchomea nyumba ilishuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, mkesha wa Pentekoste. Kwaya yetu ilikuwa mazoezini. Buhene ikaungua, Himbi ikapona. Je, watu wa Himbi ni watakatifu kuliko wa Buhene? Nimehudumu Himbi, mama. Nawafahamu. Yesu mwenyewe aliuliza swali hilo juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, kama walikuwa wakosaji kuliko wengine Yerusalemu, akajibu: "Nawaambia, Sivyo" (Luka 13). Ni kweli aliongeza neno la toba, ila aliwaambia waliokuwa wamesimama mbele yake wazima. Kwa hiyo kama ni kufunga siku 21, huyo dada aanze yeye.

Kuhusu "Bwana alitoa", hapo nina deni langu la kuungama. Miaka ya nyuma, nikiwa pasta kijana, nililisema neno hilo kwenye kilio, mbele ya mama aliyezika mtoto asubuhi ile. Aliniangalia tu, akavuta kitenge akafunika kichwa. Nilirudi nyumbani nikafungua Ayubu nikaisoma yote, na ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nimekiruka: maneno yale Ayubu aliyasema mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna aliyemwendea kumwambia. Na hayo ni ya sura ya kwanza. Sura ya tatu analaani siku aliyozaliwa, na anaendelea kulalamika karibu kitabu kizima. Rafiki zake walifanya vema siku saba za mwanzo, walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Walikuwa na theolojia safi sana, ya kila jambo na sababu yake. Mwishoni Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake "kama alivyonena mtumishi wangu huyo Ayubu". Yaani mlalamikaji ndiye aliyesifiwa.

Lakini usitegemee, mama, kwamba ukilalamika vya kutosha utapewa sababu. Ayubu hakupewa. Mungu anazungumza sura nne nzima, juu ya bahari, mvua, mbuzi wa mwituni, hata mbuni, wala hasemi neno moja kueleza kwa nini watoto wale walikufa. Alikuja, akasema naye. Sababu hakutoa.

Kuna jambo moja naomba ulishike kwa nguvu. Risasi ilitoka kwenye bunduki, na bunduki ilikuwa mikononi mwa mtu. Habili alipouawa, Mungu hakusema "nimemtwaa". Alimwendea Kaini akamuuliza: umefanya nini? Sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi. Mungu wa Mwanzo 4 ni mlalamikaji katika kesi hiyo, pamoja na wewe. Kwa hiyo usiposema "mapenzi yako" juu ya risasi ile, hujamtukana. Sala ile inaomba mapenzi yake yatimizwe hapa duniani, maana yake ni kwamba bado hayajatimizwa, na kule barabarani siku ile hayakutimizwa.

Basi ukisali, fika pale ulimi unapokomea, unyamaze. Sala inaanza na "Baba yetu", si "Baba yangu". Jumapili ukikaa kwenye benchi la nyuma na kunyamaza, sisi wengine tutakusemea kipande hicho, na sisi tukikwama siku yetu utatusemea. Yesu mwenyewe hakuanza na "mapenzi yako" kule Gethsemane. Alianza na kikombe: kiniepuke. Akarudia mara tatu. Ukitaka maneno mengine, soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio zinageuka mwishoni zikawa sifa, hiyo haigeuki. Neno lake la mwisho ni giza, na imeachwa humo kwenye Biblia kwa ajili ya usiku kama wa kwako.

Sasa hilo bidoni. Usimruhusu mtu yeyote akumwagie, hata kwa jina la ukombozi. Zaburi ya 56 Daudi anamwambia Mungu: "Uyatie machozi yangu katika chupa yako." Wafasiri wetu waliandika chupa, ila neno la Kiebrania ni kiriba, ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji na maziwa. Bidoni la watu wa wakati ule, tuseme. Mungu naye ana la kwake, hajalimwaga.

Alhamisi mimi na mke wangu tutapita kwako, saa tisa hivi. Hatutahubiri. Atakuja na sambaza kidogo, wale samaki wadogo wa ziwani, mpike. Kama siku hiyo utaona uko tayari kwa yale maji, tutayabeba pamoja hadi kwenye maua uliyopanda kati ya mawe. Usipokuwa tayari, tutayaacha palepale yalipo, tule.