Leza ndani ya mzizi wa jino: je, inatosha peke yake?

SWALI: Daktari, gego langu linatakiwa kusafishwa mizizi. Kliniki inanishauri niongeze pesa ili vijidudu viuawe kwa leza. Je, leza inachukua nafasi ya dawa?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Kazi kubwa bado ni ya faili, yaani visindano vya chuma vya kukwangua ndani ya mzizi, na dawa ya sodiamu haipokloriti ya asilimia 0.5 hadi 5.25, jamii ileile ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Leza ya erbiamu, yenye mawimbi ya mwanga ya urefu wa nanomita 2940, hunyonywa na maji. Kila mpigo huzua kiputo ndani ya dawa. Kikipasuka, huisukuma kwenye vichochoro ambavyo faili haifiki. Hiyo ndiyo faida yake hasa.

Aina nyingine, leza ya dayodi, hupitia uzi wa kioo wa mikromita 200, unene wa nywele tatu hivi. Ncha huishia milimita 1 kabla ya mwisho wa mzizi, kisha huvutwa nje kwa kuzungushwa, takriban milimita 2 kwa sekunde. Ikitulia mahali pamoja, joto hupenya; uso wa nje wa mzizi ukipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mfupa unaweza kudhurika.

Uliza kama jino litavalishwa mpira wa kuzuia mate. Bila mpira huo bakteria hurudi palepale, na pesa ya leza imepotea. Miwani ya kukinga macho nayo usikubali kuikosa.