Kwa nyati wa Rungwa: .375, .458 au ile ya Mjerumani?

Julai inakaribia, na barua za bunduki zimejaa mezani kwangu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika atakwenda kusimama na jibu hilo mbele ya nyati. Wengine mtaniwia radhi. Kwa mgeni wa mambo haya: namba kama .375 na .458 ni unene wa kichwa cha risasi kwa inchi.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa Makongolosi, nina miaka 27. Huu ni msimu wa pili nabeba mizigo na kusoma nyayo chini ya mwindaji bingwa mmoja, yaani mwenye leseni ya kuongoza wateja kuwinda, kwenye kitalu cha uwindaji huko Rungwa, na nataka niufanye mtihani wa uwindaji bingwa. Bosi kasema nikirudi nirudi na bunduki yangu mwenyewe. Kuna mzee anauza .458 kwa bei ya kupoozea, na wenzangu kambini wanasema nyati anataka mtutu mnene, hizo .375 ni za wageni na wanawake. Nyumbani ipo .30-06 aliyoniachia marehemu baba, karatasi zake zote zimeshahamia kwangu. Sijawahi kufyatua kitu kikubwa kuliko hiyo. Uzito wangu kilo 61. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya namba, nikusimulie kwanza habari za bega langu la kulia, hili ambalo baridi ya Juni hapa Uyole hulikumbuka kila mwaka kabla yangu.

Nilinunua .458 nikiwa na umri kama wako, na kwa sababu hiyohiyo yako: kambini walisema. Kitako chake kilipasuka msimu wa kwanza, fundi seremala wa hapa Mbeya akanichongea kingine cha mninga, kizito kama mchi. Risasi zilikuwa ghali, kwa hiyo mazoezi yangu yalikuwa kufyatua mbili mwanzo wa msimu na kusema inatosha. Sikujua kwamba kila nikifyatua, mwili ulikuwa unajifunza woga kimyakimya.

Septemba moja tukakuta nyati dume amesimama ubavu, hatua 60. Nyasi zilikuwa zimeshaungua, upepo unatupiga usoni, kisingizio hakuna. Nikafyatua, akaondoka. Msoma nyayo wangu alikuwa Mkimbu mtu mzima, wa maneno ya kuhesabu. Akaokota jani lenye damu, akalinusa, akanionesha: ndani ya damu mna majani yaliyotafunwa. Akasema neno moja, "Tumbo." Tulimfuata tangu saa tatu asubuhi mpaka giza, mbung'o wakitula shingo, tukalala palepale tulipofika. Kesho yake tulimkuta ndani ya kichaka, yu hai, na ametugeukia. Zilihitajika risasi tatu zaidi. Hakuna mtu aliyeumia, lakini yule Mkimbu hakunisemesha mpaka jua linazama.

Jioni kambini akachukua bunduki yangu, akanipa mgongo, akashughulika nayo kidogo, akanirudishia. "Piga ule mti." Nikalenga, nikavuta. Kwa! Ndani hamna kitu. Lakini mdomo wa mtutu ulikuwa umechota chini kama jembe, na macho nilikuwa nimeyafumba. Mbele ya wapagazi na mpishi.

Sasa wewe, kabla ya kumpa mtu shilingi, fanya jaribio hilo na .30-06 ya baba. Uwe uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, na mwenzako awe anaipakia bila wewe kuona: mara risasi kamili, mara haina kitu. Piga mara 20 za namna hiyo. Mtutu ukichota hata mara tatu, hujawa tayari kwa .375, na hiyo .458 usiitazame.

Namba zenyewe ni hizi. .30-06 hurusha kichwa cha risasi cha gramu 11.7 hivi, kwa kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde. .375, na hapa nasema ile ya Holland & Holland wa London iliyotoka mwaka 1912, hurusha gramu 19.4 kwa mita 770 hivi. .458 ya Winchester, ya mwaka 1956, hurusha gramu 32.4 kwa mita 640 au chini kidogo. Ukizishika kwenye bunduki za uzito unaokaribiana, teke la .375 begani ni kama mara mbili ya hiyo uliyoizoea, na la .458 ni kama mara tatu. Mara mbili, kijana wa kilo 61 huizoea kwa mazoezi ya miezi michache. Mara tatu wapo wanaoizoea. Mimi sikuwa mmoja wao, na wengi niliowaona wakijigamba nayo nao hawakuwa.

Hao wenzako wanaodhani unene wa mtutu ndio unaoua, waambie nyati hafi kwa kelele. Anakufa kichwa cha risasi kikivuka ngozi, matope yaliyokaukia juu yake, mfupa wa bega, na bado kikafika moyoni au kwenye mapafu yote mawili kikiwa na uzito wake. Kichwa cha .375 ni kirefu kwa unene wake wa milimita 9.5, ndiyo maana kinachimba mbele badala ya kusimama njiani. Na kuhusu wanawake: nyati aliyepigwa kwa usafi kuliko wote niliowahi kusimamia alipigwa na mama mmoja wa Kidenmaki, mfupi kuliko mke wangu, kwa .375. Alitembea hatua zisizofika 40, akalala.

Ila usinunue .375 kisha ukaweka ndani takataka. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Miaka ya 1940 Mmarekani mmoja, John Nosler, alikuwa akiwinda Kanada yule mnyama wao mkubwa waitao moose, mwenye pembe kama mabeleshi. Mnyama ana matope makavu ubavuni, risasi zinapasukia juujuu, haziingii. Akarudi kwao akatengeneza kichwa chenye vyumba viwili vya madini ya risasi, katikati ukuta wa shaba: cha mbele kinafunguka, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kusukuma. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 na mpaka leo kipo. Sasa nyati wetu anayetoka kugaagaa kwenye tope la Usangu ana tofauti gani na mnyama yule? Tafuta softi, yaani vichwa vinavyofunguka, za namna hiyo, zilizofungwa imara, za uzito wa graini 300, ndizo zile gramu 19.4. Za bei rahisi zinazopasuka mapema waachie wapiga ngiri.

Na solidi, zile zisizofunguka kabisa? Sisi tuliweka softi iwe ya kwanza, solidi zifuate chini yake kwenye magazini, kwa ajili ya nyati anayeondoka amekupa matako. Lakini solidi ikimkuta nyati kundini inaweza kumpita na kumtoboa wa nyuma yake. Nimeona wawili wakilipiwa kwa risasi moja, na mteja hakufurahi.

Ganda la .375 limechongoka kidogo kidogo tangu kitakoni, mabega yake hayana kona kali. Waingereza walilitengeneza hivyo kwa ajili ya baruti yao ya zamani iliyokuwa kama tambi. Baruti hiyo ilishaachwa, faida ya umbo imebaki: risasi inateleza kuingia chemba bila kukwama, na ganda linatoka bila kung'ang'ania hata joto likiwa la Oktoba. Pamoja na hayo, usiache boksi la risasi juu ya dashibodi ya Land Cruiser. Jua hupandisha mgandamizo wa risasi inapofyatuliwa, na hutaki kujifunza hilo komeo likiwa limegoma kufunguka.

Hasara yake ni urefu. Ganda lina milimita 72, kwa hiyo linahitaji bunduki yenye mtambo mrefu, na hizo ni nzito na ghali. Ukipata Brno au CZ ya Ucheki iliyotunzwa, angalia kucha ya kuvutia ganda: iwe pana, ya mtindo wa Mauser, inayoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Mwambie muuzaji aingize risasi bandia mbele yako, taratibu, kisha kwa kasi, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Akikataa, ondoka.

Na sheria unaijua, maana mtihani utakuuliza: kanuni zetu za uwindaji zinataka isipungue .375 kwa nyati na tembo. Kwa hiyo .30-06 ya baba si ya nyati, hata ukiwa mpigaji wa namna gani. Lakini usiiuze. Hiyo ndiyo shule yako, na kwa swala pala na kongoni wa kambini hutataka nyingine. Manunuzi yote yapitie kibali cha polisi, hata muuzaji awe mjomba wako.

Mwisho, mahali pa kulenga. Panda kwa jicho na mguu wa mbele mpaka theluthi moja ya mwili kutoka chini, usimame hapo. Vijana hupiga juu wakivutwa na lile nundu la bega. Pale juu ni miiba ya uti wa mgongo na nyama tupu. Moyo uko chini kuliko unavyodhani.

Basi nunua .375. Hiyo .458 mwachie mzee wake.

SWALI: Kamwene Mzee. Mimi ni mvuna mbao wa Mafinga. Nimerithi kihalali bunduki ya zamani iliyoandikwa 9.3x62. Jirani ananicheka kwamba ni ya makumbusho. Nasikia ilitengenezwa kwa ajili ya nchi yetu hii. Ni kweli? Na inafaa kwa pofu na nyati?

JIBU: Kamwene sana. Jirani yako akicheka, mwache. Kama si kanuni, hiyo ndiyo ningeishika mimi mpaka leo.

Ilibuniwa mwaka 1905 na fundi bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock. Wakulima na wawindaji wa Kijerumani waliokuwa wakija makoloni ya Afrika, hapa kwetu na kule Namibia, walitaka kitu cha kumwangusha mnyama mkubwa bila kununua bunduki za Waingereza za bei ya shamba. Bock akatengeneza risasi nene kadiri inavyowezekana bado ikatoshea ndani ya Mauser ya kawaida ya mwaka 1898. Kwa hiyo si kwa ajili yetu peke yetu, ila tulikuwa akilini mwake. Yaani mashamba yao yaliyokuwa juu ya ardhi yetu ndiyo yaliyokuwa akilini mwake. Na mwaka huohuo 1905 babu zetu wa kusini walikuwa wakinywa maji ya Kinjikitile ili risasi za Mjerumani ziwe maji. Kila nikiishika 9.3 nawaza hilo, halafu naendelea kuipenda. Sijui unielewe vipi.

Inarusha gramu 18.5 kwa mita 720 hivi kwa sekunde. Teke lake ni la kiungwana, linasukuma kuliko kupiga. Pofu dume anayeweza kukaribia kilo 900 ataikubali hapohapo, na palahala, korongo, tandala na pundamilia vilevile. Nyati pia anaikubali. Kanuni ndizo zisizoikubali, kwa sababu milimita 9.3 kwa inchi ni .366, nayo haijafika .375. Upungufu ni karibu robo ya milimita, lakini hiyo robo usiende kubishana nayo getini mwa pori la akiba.

Jambo moja la hatari: ukinunua risasi, soma namba yote. Ipo 9.3x74R, ganda lake refu lenye ukingo kitakoni, ya bunduki za mitutu miwili. Haiingii kwako, na nilishamwona muuzaji akiwa tayari kabisa kumfungashia mtu.

SWALI: Mzee, mbona hutaji kabisa .300 Winchester Magnum? Ina kasi kuliko hizo zote. Msomaji, Tukuyu.

JIBU: Ina kasi, ndiyo, na milimani au mbugani kweupe kwenye mita 250 ningeichukua. Lakini kwenye miombo ya Chunya na Rungwa mnyama unamwona hatua 40 hadi 80. Kichwa chepesi na laini kikifika pale na kasi yote hiyo kinapasukia begani, kinakuharibia robo nzima ya nyama, na ndani hakifiki. Ukiwa nayo tayari, weka vichwa vizito vilivyofungwa imara, ubaki kwenye tandala na kongoni.

Yule wa Tunduma aliyeuliza ni baruti kiasi gani ya kutia kwenye gobole, barua yako nimeipata, ila hukuandika namba ya kibali. Ukiipata, niandikie tena.